Jembe Lifuatalo Maji

Mwaka ule nilioanza kulima kiunga changu kidogo, nje ya mji wa Kibiti, nilikwenda nacho kiburi cha mtu wa mjini, ambacho ukikichungua kwa insafu utaona kuwa ni ujinga uliovaa viatu. Nilikuwa nimesoma vitabu viwili vitatu vya bustani, nimenunua jembe jipya na kopo la kumwagilia, na nimeazimia, kama waazimiavyo wengi wa rika langu waliochoshwa na moshi wa magari ya Dar es Salaam, kutengeneza udugu na ardhi kwa njia ya nyanya. Ulikuwa mwanzo wa Aprili, masika yamekwisha kushika, nami nikakata shauri kwamba maadamu mvua ni neema, mtu apandaye katikati ya neema hawezi kukosa.

Jirani yangu alikuwa bibi wa makamo ya kujukuu, mjane, ambaye ua wake ulipakana na wangu kwa safu ya mihogo. Alinikuta nimeinama matopeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wapanda nini?"

"Nyanya, bibi."

Alitazama juu, akatazama miche yangu, kisha akatazama viatu vyangu. "Nyanya, na mvua hii? Haya, panda, mwanangu. Mungu si Athumani."

Kabla Mei haijaisha majani yalikuwa yamekunjamana na kupata mabaka meusi, matunda yameoza yangali mabichi, na vijiti nilivyovisimamisha kwa ustadi mkubwa vilibaki vimesimama peke yake kama watu waliofika harusini siku isiyo yake. Bibi hakunicheka, maana watu wa Rufiji wana adabu ya kutomcheka mtu usoni pake. Alingoja hata Juni, akaja kupiga hodi alfajiri, kikapu cha ukindu kichwani, na ndani ya kikapu mna kunde, mahindi na kokwa za maboga zilizohifadhiwa mwaka mzima darini juu ya meko, zikanuka moshi. Akasema, "Sasa twende. Maji yameondoka."

Tulikwenda bondeni, upande wa Mtunda, ambako mto Rufiji ulikuwa umelala juu ya makonde kwa majuma kadha na sasa ulikuwa ukirudi kitandani mwake polepole. Nilimwuliza tuanzie wapi, akanionyesha ardhi kwa kidole. Kwa mbali, karibu na maji, tope lilikuwa likimeta. Karibu nasi lilikuwa limekwisha kukauka na kupasuka vipande vipande mfano wa vigae. Na katikati ya kung'aa na kupasuka ulikuwapo mkanda mwembamba wa udongo wa rangi ya kahawa, usioshika mguu wala usiokataa mti. Hapo ndipo tulipopanda siku hiyo. Yeye alikuwa na mti uliochongwa ncha. Alitoboa, akatia punje tatu, akafukia kwa kisigino, akasogea hatua moja, na hakuinua uso mpaka jua lilipokuwa kali. Juma lililofuata mkanda ule ulikuwa umesogea kuelekea mtoni, nasi tukasogea nao. Hakuna tone la mvua lililonyesha juu ya kunde zile, wala hatukuzimwagilia kwa kopo langu jipya, ambalo nililibeba siku ya kwanza kwa aibu ya kuliacha. Unyevu ulikuwa chini, mto umeuweka akiba, na mizizi ilishuka kuufuata. Kilimo hiki watu wa Rufiji hukiita mlau. Sijapata kukiona katika kitabu chochote cha bustani nilichonunua.

Nimeanza na habari hii ya nafsi yangu kwa sababu siku hizi husemwa sana, redioni na katika semina, kwamba yatupasa kurudi katika mazingira. Na neno mazingira limekwisha kuzungushwa katika vinywa vingi hata limekuwa mithili ya picha ya ukutani, kitu cha kutazamwa na kusifiwa, chenye miti mizuri na ndege. Mtu hununua chungu cha maua akakiweka barazani, akajiona amekwisha kufanya suluhu na viumbe. Simlaumu, kwa kuwa chungu cha maua ni bora kuliko baraza tupu, na mimi mwenyewe ninavyo vitatu. Lakini bibi yule hakuwa na picha ya ukutani. Alikuwa na saa. Udugu wake na ardhi ulikuwa ni kujua, bila ya kuandika popote, siku gani mto utapanda na siku gani utashuka, na kuinuka kitandani siku hiyo.

Nyumbani kwake hapakuwa na kitu alichokiita uhifadhi, na hapakuwa na kitu kilichopotea. Makumbi ya nazi yalizungushwa kwenye mashina ya bilinganya na nyanya chungu yashike unyevu wakati wa kiangazi. Maji ya kuoshea mchele yalikwenda kwenye matembele. Jivu la meko lilinyunyizwa juu ya mchicha kufukuza wadudu. Na mchaichai ulipandwa mlangoni kwa bomba la bafu, mahali ambapo maji yangepotea bure. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, kuanzia tarehe 1 Juni 2019, mji mzima ulihangaika juu ya nini kitabebea nyama na sukari. Bibi hakujua kuwa limetokea jambo, maana kikapu chake kilikuwa ni kilekile, na kuti la mnazi wake lilikuwa bado linasukika pakacha. Na kwa kuwa nimeingia katika habari ya mji, nitasema na hili, ingawa halitanipatia marafiki: mwenye bustani nzuri ya maua Dar es Salaam ambaye chai yake huchemka juu ya mkaa, naye hajui mkaa huo umetoka wapi, na apande basi siku moja akashike barabara ya Kilwa kilomita kama 140 hata Kibiti, ahesabu magunia yaliyopangwa kando ya njia. Miombo ya Kibiti na Rufiji ndiyo inayopikia wali wa mji. Maua yale hayalipi deni hilo.

Narudi bondeni. Mlau ni nusu ya hesabu tu. Nusu ya kwanza ni mpunga, nayo ina hatari zaidi. Mpunga wa bondeni husiwa pale mvua za Desemba na Januari zinapolainisha ardhi, kisha huachiwa miezi miwili mitatu kushindana mbio na mto. Maana mvua ya Njombe, ya Iringa na ya bonde la Kilombero, na ya nchi yote ile ambayo maji yake humiminikia Rufiji, eneo la kilomita za mraba zipatazo 177,000, karibu sehemu moja katika tano ya Tanzania Bara, hukusanyika na kuteremka, na yaliyonyesha juu ya vilima mbali kabisa na pwani hutokea Machi ama Aprili mlangoni pa mtu ambaye kwake huenda hakujanyesha kitu siku hiyo. Mpunga ulio mfupi hufunikwa ukafa. Ule uliokwisha kurefuka huinua shingo pamoja na maji, ukashiba, ukapokea tope jipya miguuni, na huvunwa maji yakipungua. Basi mkulima hutega: akisia mapema mno ukame huua mbegu, akichelewa mto humkuta. Mafuriko kwake hayakuwa jina la msiba peke yake. Kulikuwa na maji ya kawaida, yaliyosubiriwa kwa hamu, ambayo yasipokuja huleta njaa. Na kulikuwa na gharika, ijayo mara moja moja, ikavunja na kuchukua. Mtu wa mbali husikia neno moja, mtu wa Rufiji husikia mawili.

Katikati ya maji hayo familia ilikaa juu ya dungu. Dungu ni nyumba ya miti iliyoinuliwa juu ya nguzo ndefu, ina ngazi, ina sakafu ya fito, ina meko ya udongo juu yake, na mtumbwi umefungwa kwenye nguzo mahali ambapo mwenzangu wa mjini angeegesha baiskeli. Kutoka juu yake mtu huamia ndege kwa kombeo na kwa sauti yake, hufukuza nguruwe na nyani mchana, hukoka moto wa kuwatisha viboko usiku, na huona, pasipo kuambiwa na mtu, kama alama ya maji kwenye nguzo imepanda ama imeshuka tangu jana. Nimepata kulala usiku mmoja juu ya dungu, na nakiri kuwa sikulala. Viboko walikuwa wakila mpunga wa jirani kwa kelele za watu walaji pilau, na mwenyeji wangu alikuwa akiwatukana majina mpaka alfajiri. Wala pasiwe na mtu wa kunisoma kwamba nayasifu maisha haya kama pepo. Mamba wamechukua watu, na watoto wameshindwa kwenda shule miezi mizima kwa sababu walihitajika kuamia. Nasema tu kwamba dungu ni elimu, na elimu hiyo ilijengwa kwa karne.

Ajabu ni kwamba kila zama za utawala zilipofika Rufiji zilimkuta mtu huyu anayajua maji, zikamwambia aache. Wajerumani walitaka pamba, wakaamuru ilimwe kwa nguvu katika miezi ambayo watu walihitaji mikono yao kwa chakula. Na mnamo Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete, kusini ya mto, waliing'oa pamba hiyo, vita vya Majimaji vikaanza, na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji ya dawa, akanyongwa Muhoro mwezi uliofuata, pale pale penye mpunga. Sina kusudi la kuufanya mti wa pamba kuwa sababu pekee ya vita vile, maana palikuwa na kodi, viboko vya ngozi na dharau. Walakini mtu akisoma habari ile kwa jicho la mkulima ataona kwamba jambo la kwanza walilolifanya mashujaa wale lilikuwa ni la shambani, waling'oa mmea uliopandwa kwa saa isiyo yao. Miaka michache baadaye, katika vita vya kwanza vya dunia, manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha ndani ya mikoko ya delta kwa miezi, mpaka ilipoangamia Julai 1915, na juu ya chuma hicho kilichozama pameandikwa vitabu vingi kuliko vilivyopata kuandikwa juu ya mpunga ulioota pembeni yake.

Hata Serikali yetu wenyewe, kwa nia njema isiyo na shaka, ilifanya kama wale. Mnamo 1968 na 1969, katika Operesheni Rufiji, watu walihamishwa bondeni wakapelekwa vilimani kukaa katika vijiji vya pamoja, kwa sababu ya mafuriko na kwa ajili ya shule, zahanati na visima. Shule zilijengwa, nazo ni jambo la kushukuriwa. Lakini udongo wa vilimani ni mchanga, hauna tope la mto. Unafaa mkorosho, mnazi, muhogo na ufuta, haufai mpunga wa kulisha ukoo. Na kwa hiyo wakulima, baada ya kupokea kiwanja na kumshukuru mwenye kugawa, walirudi makondeni mwao kila msimu, wakajenga madungu upya, wakawa na nyumba mbili, moja ya Serikali na moja ya mto. Hali hiyo ipo mpaka leo.

Ukishuka kwa mtumbwi kuliacha bonde, mto huanza kugawanyika, na unaingia katika delta, ambako Salale, Mbuchi, Maparoni, Kiongoroni na Msala zimekaa juu ya visiwa vya matope, na ambako bahari na mto hushindana mara mbili kila siku. Mikoko ya hapo, hekta zipatazo 50,000, ni karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Mlilana hutangulia kuikabili bahari. Mkoko wenye mizizi kama miguu ya kaa hushika kingo za mikono ya mto. Mchu na mkandaa hukaa nyuma yao. Na msikundazi hupenda kule ambako maji baridi yamezidi chumvi. Kutoka katika milango hii, kwa muda mrefu kuliko kumbukumbu za mtu yeyote aliye hai, majahazi ya Omani na ya Ghuba yalikuja na upepo wa kaskazi na kurudi na kusi yamesheheni boriti; na vyumba vya nyumba kongwe, Lamu kama Maskati, vikawa vyembamba kwa sababu moja tu, kwamba boriti haikuwa ndefu zaidi. Mti wa Salale ulipima chumba cha mtu wa Omani. Huo ni uhusiano na mazingira ambao hakuna aliyeufanyia semina.

Ndani ya delta hulimwa mpunga wa namna nyingine, na hapa ndipo penye ustadi unaonistaajabisha zaidi. Mto unapokuwa na nguvu, maji ya bamvua yanapoingia kutoka baharini hayafiki mashambani kama chumvi. Huyasukuma na kuyainua juu maji baridi ya mto, nayo ndiyo yanayomwagika juu ya mpunga, bila ya mfereji wala mashine. Bahari hufanya kazi ya pampu na mto hutoa maji. Mto ukidhoofika, bamvua ileile huleta chumvi na mpunga huungua siku mbili. Kaa nao hukata miche michanga kama kwa mkasi, hata mkulima wa huko analazimika kuikuza miche kitaluni mpaka irefuke na kukomaa ndipo aichomeke matopeni. Hapana kitu hapo kinachoweza kufanywa na mtu asiyejua tarehe ya mwezi mwandamo.

Sina budi kusema na jambo lisilopendeza. Shamba hilo la mpunga mara nyingi lilikuwa mikoko, mtu akaifyeka. Na baada ya miaka kadha magugu yakazidi, chumvi ikaingia, akalihama na kufyeka kwingine. Msikundazi mkubwa ulioanguka haurudi katika uhai wa aliyeukata. Watawala tangu Wajerumani wameiweka mikoko chini ya hifadhi, na tangu 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa limo katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar. Na mara nyingine hifadhi hiyo imeletwa kwa mkulima kama amri ya kuhama. Mimi sikubaliani na mwenye shoka, na wala sikubaliani na mwenye amri. Watu wa delta haohao ndio waliosimama katika miaka ya 1990, kampuni moja ilipotaka kugeuza sehemu kubwa ya delta kuwa mabwawa ya kufugia kamba; wengi wao walipinga, wakaenda hadi mahakamani, na mradi ule ukafa. Walijua kwamba kamba hukulia bure kati ya mizizi ya mikoko, na aliyepewa kitu bure na Mungu hana haja ya kukodishiwa na mwanadamu. Mlinzi wa namna hiyo hafukuzwi. Hukalishwa, akapimiwa ngwe yake, akaambiwa mpaka ni huu.

Na kupanda mikoko kwenyewe, ambako siku hizi kumekuwa mtindo, kunahitaji saa ileile ya bibi. Tunda la mkoko huota likiwa bado juu ya mti mama, likaning'inia refu mfano wa mshumaa wa kijani, na likikomaa hujitenga lenyewe. Mtu huliokota, akalichomeka theluthi yake matopeni, basi. Ni kazi nyepesi hata mtoto wa darasa la kwanza anaiweza, na wepesi huo ndio hatari yake. Nimeona watu wakija na fulana mpya, wakachomeka mamia ya mikoko katika tope wazi la pwani, mahali penye mawimbi na pasipopata kuota kitu tangu zamani, wakapiga picha, wakala wali kwa samaki, wakaondoka na maji kupwa. Miezi mitatu baadaye mvuvi mmoja aliniambia, akiusukuma mtumbwi wake kwa upondo juu ya mahali palepale: "Wale wageni walipanda vijiti." Angeulizwa mapema angewaonyesha mahali pa mlilana na mahali pa mkoko, na pengine angewaambia kwamba pale palipokuwa shamba lililohamwa, ukifungua tu kijito kilichozibwa, maji yataleta mbegu yenyewe na hapatahitajika fulana.

Yote hayo, mlau, dungu, mpunga wa bamvua na mikoko, yameshikwa na uzi mmoja, nao ni kwamba mto hupanda na kushuka kwa majira yake. Uzi huo sasa una mkono ulioushika. Bwawa la Julius Nyerere, katika korongo lililoitwa Stiegler kwa miaka mingi, lilianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022, na mtambo wa kwanza katika mitambo yake tisa ukaanza kutoa umeme mwaka 2024. Uwezo wake wote ni megawati 2,115. Mimi si katika wanaoulilia ukuta ule usiwepo. Nchi inahitaji umeme, na umeme huo, ukiwa rahisi, ndio utakaouondoa mkaa jikoni na kuiponya miombo ya Kibiti, jambo ambalo nimelililia hapo juu. Lakini mwezi wa Aprili 2024 maji yalipoyafunika makonde na nyumba katika Rufiji na Kibiti, na maelfu ya watu wakawa hawana makazi, palizuka mabishano makali kama bwawa limeyazidisha maji ama limeyapunguza. Na katika mabishano hayo mimi nilisikia swali jingine lililoulizwa kwa sauti ndogo na watu waliokaa juu ya magodoro yao barabarani. Hawakuwa wakiuliza nani mwenye kosa. Walikuwa wakiuliza, "Sasa tutajuaje?"

Hapo zamani walijua. Walitazama mawingu ya bara, alama ya nguzo, rangi ya maji, povu, na mchwa wanaohama. Walihesabu pia, kama pwani yote ilivyohesabu, mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, uliogawanywa katika miongo, makundi ya siku kumi kumi, ambao kwa huo nahodha alijua siku ya kutweka tanga na mkulima siku ya kusia. Elimu hiyo ilikuwa ikisoma mto usio na mlango. Mto wenye mlango hausomeki kwa povu. Husomwa na yule tu mwenye kuufungua. Ikiwa maji yanatolewa kwa kadiri ya haja ya taa za mjini, yanaweza kuja Julai juu ya kunde changa za mlau, ama yasije kabisa Aprili mpunga ukiwa umesimama unangoja. Na mkulima hana kosa, wala mawingu hayana kosa. Wamisri walipita njia hii kabla yetu. Tangu Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, tope lililokuwa likiwanawirishia makonde kila mwaka limebaki nyuma ya ukuta, mkulima wao akawa mnunuzi wa mbolea ya viwandani, na bahari ikazidi kuula ufuko wa delta yao kule Rashidi. Walipata umeme, na hawakupata tena tope. Sisi tuna nafasi ya kupanga mapema jambo ambalo wao walilitambua wakiwa wamechelewa, kwa sababu mlango wetu ni mpya na desturi yake haijawa ngumu.

Basi ninayo maombi mawili kwa wenye kushika funguo za mlango ule, nami nayaandika kwa heshima, nikijua kuwa kazi yao ni ngumu na kwamba mvua za Kilombero hazipokei amri ya mtu. La kwanza, itengwe kila mwaka, mvua zikiruhusu, furiko moja la kipimo, Machi au Aprili, la kutosha kuulaza mto juu ya makonde na kusukuma chumvi nje ya delta, kisha mto uachwe ushuke polepole kama ulivyozoea, na usipandishwe tena ghafla mpaka mlau uvunwe. Si maji ya kutupwa. Yanaweza kupita kwanza katika mitambo. La pili ni dogo, nalo halihitaji hata fedha: itangazwe ratiba ya maji. Mkulima aambiwe, siku thelathini kabla, tunatazamia kufungua kiasi gani, na yakibadilika aambiwe kwa siku. Na lugha iwe ya kina cha maji kwenye nguzo ya dungu, maana mita za ujazo kwa sekunde hazimwambii kitu mtu mwenye kunde mkononi.

Nasi tulio vilimani na mijini tuna kazi yetu pia, isiyohitaji ratiba ya mtu. Mwenye ua na apande, lakini kwanza amtafute jirani yake mkongwe amwulize siku ya kupanda. Na mwenye kuja kupanda mikoko na amchukue mvuvi ndani ya mtumbwi kabla ya kuchukua picha. Bibi yangu bado yu hai, ana kikapu kilekile, na msimu uliopita alishuka bondeni akarudi na mbegu zake bila ya kuzipanda, kwa sababu hakuyaamini maji. Ninawaomba wakubwa watangaze ratiba hiyo kabla ya masika yajayo, ibandikwe gatini Nyamisati, sokoni Muhoro na stendi ya Kibiti, na isomwe misikitini baada ya sala ya Ijumaa, apate kuisikia.